Samaki wa Baridi

Tulipomzika masenge wangu, dada yake baba, wanawake wa ukoo walikaa mkekani wakagawana vitu vyake. Mimi nilipewa sweta. Sufu yake ya kijani imechakaa viwikoni, na vifungo viwili kati ya vitano si vile ilivyonunuliwa navyo. Nilipoifikisha nyumbani Bukavu niliivuta puani kabla ya kuikunja. Ilinuka moshi wa kuni, majani yaliyolowa, na chini kabisa harufu ya mto wa mlimani, ile inayofanana na jiwe lililopasuliwa sasa hivi. Kaburini sikulia. Nililia hapo, mlango umefungwa, mtu mzima mwenye watoto wake. Kisha nikaanza kukumbuka likizo moja, mambo ambayo sijawahi kumsimulia mtu tangu mwanzo hadi mwisho.

Nilikuwa na miaka tisa. Shule zilipofungwa kwa likizo kubwa, mama alikuwa bado hospitalini. Mdogo wangu alikuwa amezaliwa kabla ya siku zake, na watoto hatukuruhusiwa kuingia kumwona. Baba alirudi nyumbani kwetu Kadutu, mtaa wa Bukavu, jioni moja, akakaa kitini bila kuvua koti lake la kazini, nikamuuliza mtoto yuko aje. Alitenganisha viganja vyake kidogo tu, kama mtu aliyeshika mkate.

"Iko mudogo vile," alisema. "Bamemuweka mu kuvezi. Ni kasanduku ya kioo, na taa juu yake ya kumupasha moto. Baridi njo adui yake. Akipata joto ya kutosha, atapona."

"Na wanajua aje kama joto inatosha?"

"Wanapima. Ikifika trente-sept, iko muzuri. Ikishuka, wanakimbia."

Maneno hayo niliyabeba kama vile mtoto anavyobeba maneno ya wakubwa, mazima, bila kuyakata. Joto ni uhai. Namba kubwa, thelathini na saba, ni nzuri. Namba ikishuka, watu wanakimbia. Siku mbili baadaye baba alinipeleka kwa Masenge Apolina, kwa sababu hakuwa na mtu wa kuniachia.

Masenge alikuwa mwanamke wa kwanza katika ukoo wetu kusomea kilimo. Alifanya kazi miaka mingi katika ofisi moja mjini, kisha akaacha, akapanda kwenye kilima cha marehemu babu, juu kabisa ya Nyangezi, pale barabara inapokwisha na hata pikipiki inakataa. Watu wa huko walimwita Maman Agronome. Hakuwa na mtoto. Alitembea na mabuti ya mpira na alisema maneno machache, yote kuhusu kazi. Usiku wa kwanza nilitetemeka chini ya mablanketi mawili. Asubuhi nilipotoka nje nyasi zilikuwa nyeupe kwa umande, na pumzi yangu ilitoka mdomoni kama moshi. Nilijua kiangazi cha mjini, vumbi na jua. Sikujua kwamba mahali pale pale mtu anapoweza kuliona ziwa letu kwa mbali kama kipande cha kioo, kiangazi kinaweza kuuma masikio.

"Kuya," alisema Masenge. "Nikuonyeshe watoto yangu."

Nyuma ya nyumba palikuwa na kibanda cha udongo chenye bati, kisicho na dirisha. Ndani, maji ya mto yaliingia kwa bomba la plastiki, yakapita katika sanduku refu la mbao, yakatoka upande wa pili yakiimba. Katika sanduku hilo zililala fremu nne zilizowambwa wavu laini, na juu ya wavu mayai. Masenge aliwasha tochi, akaifunika nusu kwa vidole. Nilikuwa sijaona kitu kizuri kama kile. Yalikuwa na ukubwa wa njegere ndogo, na rangi ya mawese yanapopigwa na jua ndani ya chupa. Mengi kuliko nyota, nilifikiri, na yote yametulia kimya katika yale maji.

"Ni mayai ya nini?"

"Ya truiti. Watu wa hapa wanaita samaki ya baridi."

Samaki wa baridi. Nilisikia hivyo, na nilielewa kwa njia yangu. Kwetu, ukisema mtu ana baridi, maana yake anaumwa na baridi, anahitaji kufunikwa. Niliyatazama mayai yale uchi katika maji yaliyoniuma vidole, nikayahurumia.

Masenge alinieleza habari yao, lakini nusu tu, jinsi watu wa kazi wanavyoeleza. Zamani Mzungu mmoja aliyekuwa na shamba la kinkina, miti ya dawa ya malaria, juu ya kilima alileta samaki hao kutoka nchi za theluji, akachimba mabwawa, akamwajiri babu kuyalinda. Mzungu alipoondoka mabwawa yalibomoka. Samaki waliosalia walipanda mto hadi kwenye vidimbwi vya juu, ambako hapakuwa na samaki mwingine yeyote. Walizaana huko kimya kimya, ila kila kiangazi watu waliziba mto kwa mawe na matope na kuwakomba kwa vikapu, hadi wakabaki wa kuhesabika. Masenge aliwakamata wazazi watano mwezi ule, wakati wao wa kutaga, akawakamua mayai kwa mkono.

"Kwa nini hufugi kuku?" nilimuuliza.

Alicheka kidogo. "Kuku watu wote wako nayo, na wanauzisha. Angalia watoto ya Maman Nabintu." Maman Nabintu alikuwa jirani yake wa karibu, na watoto wake wawili wadogo walikuwa na nywele zilizogeuka nyekundu na matumbo yaliyotangulia. "Samaki ya ziwa ikifika huku imeshaoza, ao imekauka sawa ukuni. Na mto iko inapita hapa mbele ya mulango yao. Miye nataka mto iwalishe."

Kazi yangu ilikuwa kuondoa mayai yaliyokufa. Yai likifa linakuwa jeupe, na usipoliondoa linaota ukungu kama pamba na kuwaambukiza wenzake. Kila asubuhi nilivaa sweta mbili, nikachuchumaa kando ya sanduku nikiwa na kibano, nikachagua meupe moja moja. Masenge alikuwa na kipimajoto kilichofungwa kwa kamba. Alikichovya majini, akakiinua kwenye mwanga wa mlango.

"Onze," alisema. "Muzuri sana."

Kumi na moja! Mimi nilijua namba nzuri ni ipi. Nilitaka kumwambia, lakini mtoto hamsahihishi mkubwa, na tena alikuwa na haraka. Siku ya kumi na nane macho yalionekana. Ndani ya kila yai kulikuwa na nukta mbili nyeusi, na nilipoinama karibu niliona nukta zile zikigeuka. Walikuwa wananitazama. Siku hiyo nilianza kufanya hesabu nyingine ambayo sikumwambia mtu. Wale na mdogo wangu nilikuwa nimewafunga pamoja: wote wadogo, wote ndani ya sanduku, wote bado hawajamaliza kutengenezwa. Wakipona hawa, nilijiambia, naye atapona.

Jumapili iliyofuata Masenge alikwenda misa. Nilikuwa nakohoa, akaniacha nyumbani karibu na moto. "Usiguse kitu mu kibanda," alisema. "Nitarudia mbele ya saa sita."

Nilikaa kidogo. Usiku wa kuamkia siku hiyo baridi ilikuwa kali kupita siku zote, na nilipokwenda kuangalia kipimajoto kilionyesha tisa. Namba ilikuwa imeshuka. Ikishuka, wanakimbia. Nami nilikimbia. Nilichukua termosi ya maji ya chai. Nilichemsha sufuria nzima, na nyingine. Niliziba bomba kwa kitambaa ili maji ya baridi yasiingie. Nikamimina polepole, nikikoroga kwa mkono, na nikapima kwa kiwiko kama nilivyowaona wanawake wa mtaani kwetu wakipima maji ya kumwogesha mtoto mchanga. Yalipokuwa vuguvugu, mazuri, maji ambayo mimi mwenyewe ningetamani kuingia, nilifunika sanduku kwa blanketi langu. Nilikaa hapo, mkono juu ya blanketi, nikiwaimbia. Nakumbuka furaha yangu. Katika habari yote hii ndicho kitu kigumu zaidi kukisema: nilikuwa na furaha sana.

Masenge alirudi na nguo zake za kanisani. Alisikia kwamba maji hayaimbi, nafikiri, kwa sababu alikuja moja kwa moja kibandani bila kuingia ndani ya nyumba. Alivuta blanketi. Mayai yote yalikuwa meupe, fremu hadi fremu, kama wali uliopikwa, na katika kila punje macho mawili meusi yasiyogeuka tena.

Alichovya vidole. Aliona termosi.

"Ni nani?"

"Ni miye."

"Juu ya nini, Nsimire?"

"Walikuwa na baridi."

Hakunipiga. Alitoka nje, akakaa chini na gauni lake la misa, mgongo ukutani, akaangalia mlima. Baadaye sana alisema, kwa sauti ya mtu anayejisemea, "Nilimuambia asiguse. Sikumuambia juu ya nini." Kisha aliingia, akabeba fremu moja moja, akayamwaga mayai katika shimo la mbolea, akaosha mbao zote kwa chumvi. Mimi nilisimama mlangoni. Nilichokuwa nakiona si mayai. Nilikuwa na hakika kwamba kule mjini, katika sanduku la kioo, taa ilikuwa imezimika.

Siku mbili sikula. Masenge aliweka bugali na maharagi mbele yangu, akaondoa sahani kama alivyoileta. Kila saa niliuliza swali moja.

"Papa amepiga simu?"

"Hapana. Hapa hakuna rezo, unajua."

"Lakini kama kuna habari, atapiga?"

Jioni ya siku ya pili aliacha kumenya viazi, akanitazama. "Unaogopa habari gani, mama?"

Niliyasema yote kwa mara moja, kuvezi na trente-sept na ile hesabu yangu ya siri, na kwamba mdogo wangu amekufa na ni mimi niliyemuua. Masenge aliweka kisu chini. Alivaa mabuti. Alinishika mkono, tukapanda kwenye kichuguu kilicho juu ya shamba, mahali pekee simu iliposhika. Jua lilikuwa bado halijaingia. Alimpigia baba, akasema naye maneno machache kwa Mashi, lugha ya huko kilimani, ambayo sikuyafuata, akaniwekea simu sikioni.

Nilisikia watu wakipita, mlango, sauti ya baba ikimwomba mtu kitu. Halafu nilisikia kilio. Kilikuwa chembamba, kikavu, chenye hasira, kama paka mdogo aliyekanyagwa mkia.

"Unamusikia?" alisema baba. "Njo yeye. Leo bamemutosha mu kuvezi, bamemuweka kidogo juu ya kifua ya mama yako. Haachi kulalamika."

Niliketi palepale kwenye nyasi. Masenge alizima simu ili kuhifadhi chaji, akakaa karibu nami, na kwa mara ya kwanza tangu Jumapili alinigusa kichwani.

"Ndugu yako iko na kazi yake kule," alisema. "Samaki iko na yao. Haziko moja. Unasikia? Na weye uko na yako. Wale walikufa, sitakuambia hawakukufa. Sasa tutatafuta wengine. Kesho asubui tunapanda."

"Kule kuko wengine?"

"Sijue. Wakati ya kutaga iko karibu kuisha. Lakini nikikaa hapa ndani nitajua aje?"

Maman Nabintu alitusindikiza. Alikuwa amesikia kilichotokea, kwa maana kilima kizima kilikuwa kimesikia, na njiani alinitazama kwa upande akicheka bila ubaya. "Weye njo ulipikia Maman Agronome supu?" aliniuliza. Lakini ndiye aliyejua njia. Alipokwenda kukata mianzi mwezi uliopita, alisema, aliona kivuli kikubwa katika kidimbwi kilicho chini ya maporomoko ya pili, kivuli kinachosimama mahali pamoja hali maji yanakimbia.

Sijasahau mto ule. Huku chini ulikuwa mfereji tu, lakini juu, ndani ya msitu uliobaki, ulikuwa kitu kingine. Maji yalikuwa meupe pale yalipopiga mawe na ya kijani pale yalipopumzika. Ungeweza kuhesabu changarawe chini kabisa, kama vile hakuna maji. Miti iliinama pande zote mbili ikaunganisha matawi, na jua lilifika kwa vipande vipande. Masenge alinieleza kila kitu wakati huu, hata nisichouliza. Maji ya baridi yanabeba hewa nyingi. Yakipata joto hewa inatoka, na samaki huyu anakosa pumzi akiwa ndani ya maji. Anahitaji changarawe safi, kwa sababu tope likilala juu ya mayai linayaziba. Anahitaji kivuli, kwa hiyo anayekata mti kando ya mto amemkata na samaki. Alisema haya huku akiruka kutoka jiwe hadi jiwe, mabuti yakitema maji, na nilielewa kwamba alikuwa ananilipa maneno ambayo hakunipa mwanzo.

Siku ya kwanza hatukupata kitu. Walitandaza wavu kwenye mlango wa kidimbwi, Masenge akaingia hadi kiunoni akipiga maji kwa fimbo, na wavu ulitoka na majani. Siku ya pili tulipata dume, si mkubwa, mwembamba, rangi ya fedha, madoa meusi mwili mzima na mstari wa waridi ubavuni. Tulimfungia ndani ya kikapu katika maji yanayokimbia. Maman Nabintu alisema dume peke yake ataturudisha nyumbani na mikono mitupu. Masenge alikuwa na midomo ya bluu. "Tutarudia kesho," alisema.

Usiku huo nilimsikia akikohoa. Asubuhi nilidhani atabaki kitandani, lakini nilipoamka alikuwa ameshafunga bugali ya baridi katika majani ya mgomba.

Siku ya tatu, jua likiwa juu ya miti, wavu ulivutwa ghafla kutoka mikononi mwa Maman Nabintu, akapiga kelele. Alikuwa jike. Urefu wake ulikuwa kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidole, na tumbo lake lilikuwa limejaa. Masenge alimkumbatia ndani ya maji kwa kitambaa kilicholowa, akajikokota hadi kando.

"Nsimire, beseni! Ingia hapa. Shika ndani ya maji yenyewe, isitikisike. Hata ukisikia miguu inakufa, usitikise."

Niliingia. Baridi ilipanda kutoka nyayo hadi magoti kama meno. Masenge alipitisha kidole gumba chini ya tumbo la samaki, taratibu, kuelekea mkiani, na mayai yakaanza kumwagika ndani ya beseni kama shanga zilizokatika uzi. Halafu dume, tone moja jeupe, mawili. Alikoroga kwa unyoya wa kuku. Aliongeza maji kidogo, akasema tusubiri. Miguu yangu haikuwepo tena. Machozi yalikuwa yananitoka bila ruhusa yangu, na kamasi, lakini niliyatazama maji ndani ya beseni na hayakuwa na hata kiwimbi kimoja. Masenge alimrudisha jike mtoni, akamshikilia uso wake ukielekea yanakotoka maji mpaka mwenyewe akajisukuma akaondoka. Kisha alinitoa kwa kunibeba.

Ndani ya chungu tulichopanda nacho tulitandika majani laini yanayoota juu ya mawe, tukayalowesha, tukaweka mayai humo. Nilidhani atakibeba mwenyewe. Alinipa mimi.

"Juu ya nini miye?" niliuliza. Niliogopa sana.

"Juu weye njo unajua sasa vile joto inaua," alisema. "Mwenye hajaua anaweza kusahau. Weye hutasahau. Songa, mbele jua haijashuka mu njia."

Nilishuka mlima ule wote nikiwa na chungu kifuani. Sikuanguka.

Mwezi uliofuata sikuwa mgeni tena. Kiangazi kilikaza, mto ukapungua, na kila mchana maji yalipopita kwenye mfereji ulio wazi jua liliyapika kabla hayajafika kibandani. Douze. Treize. Siku moja quatorze, kumi na nne, na nilikimbia, kweli nilikimbia, lakini safari hii nilijua upande gani. Tulichimba tukazika bomba chini ya udongo, mita kwa mita, Masenge na sululu, mimi na jembe dogo. Pale ambapo udongo ulikuwa mwamba tulifunika mfereji kwa majani ya mgomba na matawi, na kila siku yalipokauka tuliweka mengine. Maman Nabintu alikuja na wanawake wawili wa kanisani, wakaacha kucheka, wakachimba. Viganja vyangu vilitoka malengelenge, yakapasuka, yakawa magumu. Nilipima maji mara saba kwa siku na kuandika kwenye daftari langu la shule.

Wiki ya mwisho ya likizo, asubuhi, niliona mkia. Mkia tu, mwembamba kama unyuzi, umetoka ndani ya yai na unachapa. Nilimwita Masenge kwa sauti iliyowatisha kuku wa jirani. Hadi jioni ya siku ya tatu walikuwa wametoka mia mbili na kumi na saba, kila mmoja akibeba chini ya kidevu mfuko wake mdogo wa chakula, rangi ya mawese. Kutoka katika mayai yote yale ya jike yule, mia mbili na kumi na saba. Masenge hakulalamika kwamba ni wachache. Aliwahesabu mara mbili.

Baba alikuja kunichukua siku iliyofuata, amevaa viatu vya ofisi, vumbi hadi magotini. Nilimwambia siendi. Walikuwa bado hawajaanza kuogelea. Alisema shule ni shule. Nilimvuta kibandani, nikawasha tochi na kuifunika kwa vidole, na nilimweleza hewa, changarawe, kivuli, namba. Halafu nilimwambia na habari ya termosi. Aliinama juu ya sanduku.

"Ulifikiri unamusaidia ndugu yako," alisema mwishoni.

"Ndiyo, papa."

"Miye njo nilikosa. Nilikuambia joto, joto. Sikukuambia joto ya nani." Alivua viatu vyake vya ofisi. Siku ile nzima alichimba na Masenge sehemu ya mwisho ya mfereji, suruali imekunjwa, na kesho yake ndipo tukashuka. Nyumbani nilimkuta mdogo wangu, amefungwa kifuani kwa mama, kichwa kama chungwa. Leo ananipita urefu na haamini nikimwambia jinsi sauti yake ilivyokuwa kwenye simu.

Nilirudi kilimani likizo zote za utoto wangu. Niliona samaki wakifika kwenye mabwawa tuliyoyafufua, niliona bakuli la supu yao mbele ya watoto wa Maman Nabintu, na niliona nywele za watoto hao zikirudi nyeusi. Ilichukua miaka. Kulikuwa na mwaka wa mafuriko, na mwaka ambao watu wasiojulikana waliiba bwawa zima. Masenge alipanda tena na wavu wake kila mara. Lakini siku ninayoitaka ni ya kwanza, likizo ya Noeli iliyofuata, niliporudi na kuwakuta watoto wetu wana urefu wa kidole changu cha kati, wazima mia moja na themanini na sita, na Masenge akasema nusu hawataingia bwawani.

"Ya bwawa ni ya watu," alisema. "Nusu tunarudisha juu, fasi mama yao alitoka."

Mvua zilikuwa zimerudisha mto nguvu zake. Tulipanda na ndoo moja, samaki tisini na watatu ndani yake. Kwenye kidimbwi cha maporomoko ya pili nilitaka kuwamwaga mara moja, lakini nilijizuia. Niliiweka ndoo ndani ya mto, nikachovya kipimajoto ndani yake, kisha nje yake. Tofauti ilikuwa digrii mbili. Nikaingiza maji ya mto kwa kikombe, kidogo kidogo, nikasubiri, nikapima, nikaongeza. Masenge alikaa kwenye jiwe, hakunisaidia. Ilichukua muda mrefu. Namba zilipolingana, niliiinamisha ndoo.

Walitoka kwa kundi, wakatawanyika, na nilidhani maji yatawabeba. Kisha mmoja aligeuza kichwa kuelekea maporomoko akasimama hapo, akipiga mkia bila kwenda mbele wala nyuma. Wa pili akafanya hivyo. Baada ya kitambo kidogo kidimbwi kizima kilikuwa na mistari midogo myeusi, yote inatazama juu, yote imesimama dhidi ya maji.

Masenge aliinuka, akakung'uta sketi yake.

"Chukua ndoo," alisema. "Kuko wengine chini, wa bwawa."

Nilichukua ndoo, tukashuka.